Paka Hakubali Kulala Chali

Picha ilitoka mnadani, Kibosho,
mlowezi alipokufa na vyombo vikauzwa kwa nyundo.
Shangazi Ndeshukurwa alitaka mizani tu;
mizani ikaja na picha, kama mbuzi na kupe wake.

Akaitundika mashineni kwake, Pasua, juu ya swichi.
Paka watatu kapuni, wamelalia hariri,
pembeni herufi mbili na mwaka, 1887,
jina lenyewe limeliwa na unyevu.
Mtu mzima, wakasema wateja
wakisubiri madebe yao,
anaamka asubuhi, anakunywa chai, anachora paka?

Shangazi hakucheka. Alikuwa na kesi
na yule wa kushoto, tumbo juu, miguu hewani.
"Paka hakubali kulala chali,"
akimnyooshea kidole cheupe kwa unga.
"Mchoraji huyu mwongo. Alimfunga kamba."

Mimi nilikuwa mtoto wa kufagia pumba.
Siku moja shilingi ikabingirika chini ya mashine,
nikalala kuifuata, shavu sakafuni,
na nilipogeuza macho nikaiona picha upya:
kapu lile limechorwa kutoka chini,
kutoka hapa, usawa wa vumbi.
Basi mzee yule, na koti lake, na ndevu zake,
alilala kifudifudi
akingoja.

Sikumwambia mtu. Shilingi nayo sikuipata.

Paka wetu hakuwa na jina.
Rangi yake hatukuijua mpaka masika, paa lilipovuja:
kumbe mwekundu, kama bati lenye kutu.
Alilala magunia ya juu, jicho moja wazi,
kama mtu anayekudai.

Julai ile ukungu ulishuka mlimani, ukakaa.
Kifua kikambana shangazi. Hospitali akakataa,
akajilaza kando ya mota, palipobaki joto.
Siku ya tatu nikampelekea uji,
nikamkuta macho wazi, hatikisiki,
anapumua kidogo kidogo kama mwizi.

Ubavuni mwake paka,
tumbo juu, miguu hewani,
koo lote wazi.

Alimtazama. Akainua macho ukutani, akatazama huko.
Uji ukapoa mkononi mwangu.
"Leta kitambaa," akanong'ona. "Futa kile kioo.
Taratibu, hapo kushoto."

Nikapanda juu ya debe, nikafuta.
Unga wa miaka ukatoka.
Hakukuwa na kamba.