Mizani ya Jilore

Mimi ndiye niliyeshika kalamu.
Naanza na hilo, msije mkaniuliza baadaye.

Mahindi mwaka ule yalinyaukia kwenye mbelewele,
kunde zikaliwa na viwavi hadi kikonyo,
Sabaki ukapungua, mamba wakasogea pale tunapochota.
Kikabaki kilichoko mtini.
Tukaokota korosho, watoto kabla ya kengele ya shule,
kina mama leso kiunoni,
vidole vimebabuka kwa utomvu.

Jumanne lori likafika.
Mnunuzi akatundika mizani kwenye tawi la mkilifi,
akanipa daftari,
kwa kuwa nilifika darasa la nane na mwandiko wangu hauna haya.

Ngumbao, kilo kumi na tisa.
Kache wa Tsofa, kumi na moja na robo.
Robo tuiache, akasema, robo ni vumbi.
Nikaiacha.
Mwaringa, magunia mawili, akiutazama mshale
kama mtu asomaye barua ya mahakama.

Ndipo akaja shangazi Mbodze,
bila gunia.
Mkononi sukari, pakiti ya kilo mbili
kutoka dukani kwa Athmani, haijafunguliwa.
Hakusema neno. Akaitia kwenye ndoano.

Mshale ukacheza, ukatulia:
moja na nusu.

Hata mbuzi waliacha kutafuna makaratasi.
Mnunuzi akacheka.
"Mizani imechoka, mama. Kwani wewe huchoki?"
"Nachoka. Lakini uchovu wangu haujamwibia mtu."

Ningependa kuandika kwamba tulimfukuza.
Lori jingine halikuwako hadi mwezi ujao,
karo ilitakiwa Ijumaa,
na korosho haisongwi ikawa sima.
Tukauza. Sote.
Mbodze naye akauza, wa mwisho,
nami nikaziandika kilo zake kama zilivyosomwa.

Ila ile pakiti hajaifungua mpaka leo.
Iko rafuni kando ya koroboi,
sukari imeganda, ukiigonga inalia kama jiwe.
Wanawe wanakunywa chai kavu wala hawaulizi.

Lori likipiga honi kwenye kona ya Kakoneni
huiteremsha, huipangusa vumbi,
huipakata kifuani
kama mtoto anayepelekwa kliniki kupimwa uzito.

Nami huanza kuitafuta kalamu,
nikiomba nisiione.