Kabati la Makoti

Nyuma ya makoti ya baridi,
kati ya ufagio na skii zake za ujanani,
ndipo bunduki ya baba iliposimama miaka thelathini na minane.
Mama aliiita mgeni.
Mgeni siku mbili, alisema, ya tatu mpe jembe.
Huyu hashiki jembe,
hajawahi kukamua hata mbuzi mmoja,
na kila Jumamosi anapakwa mafuta kuliko mimi.

Baba alicheka.
Aliing'oa komeo yake, akailaza
kwenye droo ya vijiko vya sikukuu,
kwani agizo lilisema mwili na ulimi
visilale chumba kimoja.

Shuleni tulifundishwa kwamba jeshi letu linalala nyumbani,
limevaa soksi za sufu.
Nilipenda hilo. Niliona jeshi likikoroma
bonde zima, hadi kule barafu inapoanzia.

Kila Agosti, majani ya mifugo yakishafyekwa,
walipanda kwenda uwanja wa shabaha:
Gieri Caduff mwokaji mikate,
daktari wa ng'ombe, fundi bomba,
mwalimu wa hesabu na kijitabu chake kwapani.
Walilala kifudifudi kama watoto wanaochungulia kisima.
Mita mia tatu. Karatasi.
Chini yao ng'ombe walitafuna na kengele zao shingoni,
hakuna aliyeinua kichwa.
Gieri alikosa kila mwaka, kila mwaka akalaumu miwani.

Kisha mvinyo, kisha jibini la kuyeyusha,
kisha hadithi za mababu
waliokodisha mikono yao kwa wafalme wa mbali,
wakarudi na saa za fedha, au hawakurudi.
Mikuki yao bado ipo ukutani pa baraza.
Fundi bomba hutundikia kofia.

Adui tuliyemngoja hakuja.
Kila njia ya mlima ilitobolewa tundu la kumchungulia,
kila daraja liliwekewa siri yake.
Hakuja.

Akapita mwingine, mlango wa ndani,
miguu mitupu, alfajiri ya Februari.
Kaka yangu Flurin, miaka ishirini na miwili,
aliyeijua droo ya vijiko.

Hapo siongezi neno.
Mama aliviosha vijiko mara tatu.
Havijarudi mezani.

Polisi walikaa nayo majuma sita,
wakairudisha safi, imefungwa kwa karatasi ya kahawia
kama nyama ya bucha.
Baba alisaini. Sijui kwa nini alisaini.
Agosti alipanda na wenzake,
akalala kwenye mkeka wake, akaweka shavu kwenye mti wa bunduki,
akabaki hivyo.
Walimaliza wote. Moshi ukatawanyika.
Baba bado kalala, kidole nje,
na hakuna mwanamume aliyekohoa.
Mwalimu wa hesabu alichukua kijitabu chake,
pale pa alama akaandika: *Amehudhuria.*
Aliandika hivyo miaka kumi na mmoja.

Juzi, baada ya mazishi yake,
niliipeleka mjini kwa treni.
Niliiweka begani; nani angeshangaa?
Mzee mmoja alinisogezea begi lake nipate nafasi.
Msichana wa shule aliiangalia,
akairudia simu yake.

Karani wa ghala la silaha alisoma namba kwa sauti,
akaangalia ndani ya mtutu kuelekea dirishani,
akasema, kwa upole kabisa,
imetunzwa vizuri mno.
Wengine hubaki nazo, ukutani, ukumbusho wa mzee. Ungependa?
Nikasema hapana.
Akanipa stakabadhi. Kwenye mstari wa sababu
aliandika *haihitajiki*.

Sakafuni mwa kabati pana doa,
duara la mafuta, dogo kama sahani ya kikombe.
Tumelisugua kwa sabuni, kwa soda, kwa majivu.
Jana nilimkuta mama amesimamisha hapo jembe la bustani.
Haliegemei vizuri.
Kila tukifungua mlango kutafuta koti
linatuangukia.