Lita Moja Hadi Veyula

Kwanza aliing'oa keria ya juu,
akaiegemeza kwenye banda, na kuku wakaihamia siku hiyo hiyo.
"Uzito, Nyemo," akaniambia, "uzito ndio unaokunywa."
Likatoka jeki la lori, ukatoka mnyororo,
likatoka gunia la vyuma ambalo tangu tuhamie Miyuji
hakuna aliyejua ni vyuma vya nini.
Akalitazama kapu langu.
Nikamtazama.
Kapu likabaki.

Ni Corona ya mwaka themanini na saba,
rangi yake waulize waliokuwepo.
Asubuhi hukohoa kama mlinzi
anayeapa kwamba hakulala.
Baba Mazoya aliifungua kabureta juu ya ungo wangu,
akaosha jeti kwa petroli na unyoya wa jogoo,
akajaza matairi upepo mpaka yakalia kama ngoma,
kisha akaleta bango la bati la duka lililokufa
akalikaza kwa waya chini ya tumbo la gari,
maandishi yakitazama ardhi,
ili upepo upite bila kushikwa shati.
Tangu siku hiyo barabara ya Arusha
inasomeshwa kimyakimya: SODA BARIDI.

Kipimo ni chupa ya lita moja na mpira wa dripu,
na mshika chupa ni mimi,
mkono nje ya dirisha, nimeiinua juu
kama muuguzi anayemkimbiza mgonjwa asiyetaka kupona.

Kabla ya yote hayo lita ilituishia Msalato.
Baada ya yote hayo, jeti, bati, matairi, wiki tatu za jasho,
ilituishia Msalato
na hatua mia mbili na kumi.
Nilizihesabu mwenyewe, kwa kandambili, vumbi mdomoni.

Daftari ninalo mimi.
Nimefundisha hesabu darasa la sita miaka ishirini na sita
na sijampa mtoto alama kwa huruma.
Nikaandika: hatua mia mbili na kumi.
Akasema, ni upepo huu wa Agosti.
Nikaandika: asema upepo.

Usiku nikausikiliza mguu wake wa kulia
ukikanyaga shuka usingizini.
Mguu wa lori la Kigoma,
uliopanda Sekenke na tani thelathini mgongoni
na haujaambiwa bado kwamba umestaafu.

Asubuhi nikapika mlenda mwepesi,
nikaujaza bakuli hadi mdomoni,
nikaliweka juu ya dashibodi.
"Haya, endesha."
"Ukimwagika?"
"Utaosha."

Kwenye tuta la kwanza mlenda ulitoa ulimi,
ukafikiri,
ukarudi ndani.
Mbuzi wakaanza kuvuka kule mbele;
aliwaona tangu mbali, akaachia mafuta mapema,
tukawakuta wameshavuka, wanatusahau.
Kijana wa baiskeli yenye magunia matatu ya mkaa
akatupita mteremkoni,
na Baba Mazoya, ambaye hajawahi kupitwa akanyamaza,
akampungia mkono.
Msalato ikapita. Hatukuitaja.
Mkono wangu ukafa ganzi, nikaushika kwa wa pili.
Sikuwahi kumwona akiisubiri barabara
kana kwamba ni mtu mzima anayezungumza.

Mpira ukanyonya hewa.
Gari likaendelea kidogo, kwa adabu tu,
likasimama Veyula, mbele ya meza ya zabibu,
muuzaji akainuka akidhani tumemfuata yeye.

"Bati!" akapiga kelele, akiupiga mlango makofi.
"Si nilikuambia? Ni bati lile!"

Nikalitazama bakuli.
Tone moja, ukingoni.
Nikalifuta kwa kidole, nikalamba,
nikafungua daftari kwenye goti,
nikaandika tarehe, nikaandika Veyula,
na kwenye safu ya sababu,
kwa mwandiko wangu mzuri wa ubaoni,
nikaandika: bati.