Yanavyorudi

Miaka kumi na tisa nakunja bati hapa Maweni.
Kila Januari wazazi hunijia na orodha mkononi:
shuka mbili, ndoo, kandambili, sanduku moja la chuma
lenye jina la mtoto kwa rangi nyeupe.
Hulipa wakijisifu. "Kapata ile, fundi! Ile yenyewe!"
Nami hupiga riveti, sisemi neno.

Maana mimi shule sizijui kwa magazeti,
wala kwa alama zinazobandikwa langoni.
Nazijua Aprili, nazijua Agosti,
masanduku yanaporudi.

Ile kubwa, yenye basi jipya na maua kila kona,
iliyotoa madaktari, ikatoa na mbunge,
masanduku yake huja kwangu makomeo yameng'olewa.
Si kuvunjika kwa kuanguka, la.
Bati limefunuliwa pembeni kwa kijiko, taratibu,
na mtu aliyekuwa na njaa na usiku mzima.
Binti mmoja, wa kwa Kitsao, mbele ya mamake
alisema lilimponyoka kwenye ngazi.
Walipoondoka nikalifungua nilinyooshe:
ndani ya kifuniko, kwa ncha ya msumari, mistari,
mitano mitano, kama anayehesabu magunia bandarini.
Tisini na mmoja.
Nikapaka rangi juu yake.
Ndiyo kazi niliyolipwa.

Sasa barua mbili ziko juu ya kabati.
Bahiya wangu, kitindamimba, kaitwa kuwili.
Shemeji kapiga simu toka Mombasa:
"Jina, jamani! Jina ndilo humfungulia mtu mlango."
Mke wangu kaenda kutazama, kavaa viatu vya Idi,
karudi akiisifu maabara, na mwalimu mkuu
na Kiingereza chake laini kama samli.
"Vyoo je?"
"Hatukufikishwa vyooni."
"Na wapishi?"
"Wapishi wa nini tena, baba Bahiya?"

Ya pili haina jina. Ukishapita Ganda, ndani huko,
ubao wake wa langoni mchwa wamekula herufi mbili.
Mitihani yake, nisiwadanganye, ni ya kuokoteza.
Maji ya kisima, yana chumvi.
Sanduku lake moja tu limewahi kunifikia,
bawaba imekatika, na pale ilipokatika
pamefungwa kwa vipande vya leso:
mafundo matatu, leso tatu mbalimbali.
"Nani kafunga?" nikamuuliza mwenyewe, Nyevu.
"Wenzangu," akajibu, akinishangaa
kama niliyemuuliza nani huleta mvua.
Akaniomba vile vitambaa nisivitupe.

Lakini kitambaa hakifundishi hesabu,
na Bahiya anataka kuwa mpima ardhi.
Tena sanduku moja ni sanduku moja;
laweza kudanganya kama ubao wowote wa langoni.
Haya nayasema usiku, peke yangu, bati likilia chini ya mkasi.

Kaja, kaketi juu ya gunia la makaa,
kayatazama makomeo mawili mezani:
kubwa la kufuli mbili, na dogo la kawaida.
"Utanitilia lipi, baba?"
"Kwani unakwenda ipi?"
"Mimi ndiye nakuuliza. Wewe ndiye unayejua yanavyorudi."

Basi nikamwambia. Kijiko, ngazi ya uongo,
mistari tisini na mmoja chini ya rangi yangu.
Mara ya kwanza yalinitoka kinywani,
na yalitoka na kutu.

Hakusema kitu kitambo.
Akakigusa kifuniko chake kipya, kitupu, kinachong'aa.
"Na yule binti," akauliza, "bado yuko kule?"

Miaka kumi na tisa. Sikuwahi kujiuliza hilo.

Nyundo nimeiweka chini. Komeo sijalitia.
Barua zina siku tisa bado.
Kesho, kabla sijafungua duka,
napita kwa Kitsao.