Pasi ya Makaa

Jalada lina harufu ya panya na gundi.
Julai 1956, Elisabethville, mtaa wa Kenya.
Marehemu: Feliksi Numbi, fundi wa nguo.
Mshtakiwa: Kisimba, mwanagenzi wake.
Silaha: pasi.

Koplo Kafwimbi ameapa:
niliikuta chini ya kitanda, imefunikwa gunia,
jivu lake bado vuguvugu.

Brigadia Lwamba ameapa:
niliikuta uani, matopeni,
mdomo wazi,
baridi kama chura.

Pasi ni moja. Asubuhi ni moja.

Kwanza nilimkata Brigadia.
Matope, Julai? Hapa kwetu
mvua huaga mwezi wa nne, haiangalii nyuma hadi Oktoba.
Julai ni vumbi jekundu, midomo iliyopasuka,
watoto wanaota jua ukutani.
Nikaandika pembeni kwa penseli: mwongo.

Shangazi alikuwa akichambua matembele.
Kiwanja kipi? Kile cha kona, chenye bomba la serikali?
Bomba lile halikufunga hata siku moja, we mtoto.
Tulikuwa tukiteleza pale kiangazi chote, ndoo kichwani.
Nikafuta.
Penseli haifutiki yote.

Basi nikamgeukia Koplo.
Numbi alipigwa jioni, maiti ikaonekana
king'ora cha kiwanda kilipolia alfajiri.
Kaa gani lilale usiku kucha ndani ya pasi?
Lakini nami nimepiga pasi.
Kaa la mubanga, ukilizika jivuni,
asubuhi bado linauma kidole.

Siku ya tatu nilifika kwenye daftari la vielelezo:
*pasi moja, mpini wa mbao.*
Picha imebanwa kwa pini yenye kutu.
Mpini ni wa chuma, umezungushiwa kitambaa.
Hakuna aliyeuliza.
Jaji ameandika mstari mmoja tu:
maneno ya polisi, kwa jumla, yanaafikiana.
Kisimba alikuwa na miaka ishirini na miwili.
Ukurasa unaofuata ni risiti ya kamba.

Sijasema bado: Brigadia Lwamba ni babu yangu.
Shangazi ni binti yake.
Yupime nani sasa, na kwa jiwe la nani?

Nyumbani kwake palikuwa na pasi
yenye mpini wa mbao, mweusi kwa jasho la mikono.
Pasi za namna ile zilikuwa nyingi mjini, najua.
Yeye mwenyewe hakuishika kamwe.
Sare yangu ya shule, miaka sita,
ilinyooshwa nayo.