Mpini wa Mkula

Kapend alikileta ndani ya gunia la unga
kabla sijawasha mashine ya kunoa.
Nikakunjua: kisu kilichojipinda
kama nyoka aliyekanyagwa mkia.
"Cha babu. Alipewa na askari wa Onu, sitini na mbili,
mtu wa Java, aliugua homa wakamficha Katuba.
Kuna mzungu hotelini. Kikiwa cha kale, analipa dola.
Wewe unajua vyuma. Sema."

Najua vyuma, ndiyo.
Najua na kuvizeesha: miaka ya njaa
nilizika misalaba ya shaba katika chumvi na mkojo wa mbuzi,
nikaifukua ya kijani, yenye heshima zake,
nikaiuza kuwa mali ya wahenga.
Chuma kikidanganya hakinipiti.
Tumelala kitanda kimoja.

Nikahesabu mikunjo: tisa.
Nikanusa: ndimu ya zamani, moshi, mafuta yaliyoganda.
Nikakigonga kwa ukucha, kikajibu kwa sauti nyembamba
inayochelewa kufa,
si ule mkoromo wa springi ya lori.
Bapani, mistari myeupe ndani ya weusi,
kama mvua ya kwanza inaposhuka
kile kilima cheusi cha mabaki ya kiwanda.
Nikasugua pembeni, kidogo tu, kwa msasa.
Mstari haukufutika. Uliendelea kuingia ndani.
Wa asidi ya betri ungeishia kwenye ngozi.

"Cha kweli," nikasema. "Umri sijui.
Kinanizidi mimi, kinamzidi babu yako."
Akacheka kwa meno yote.

"Ila mpini ni wa uongo."
Mkula, mwekundu, wa misitu yetu hii,
umechongwa ovyo, umekazwa kwa waya wa simu.
"Mzungu atakata nusu ya bei."

"Wa kwanza ulivunjika," akasema.
"Huu alichonga wiki ile kampuni ilipomwachisha kazi.
Mimi nilimshikia taa."
Akatia kidole gumba kwenye kishimo
ambacho gumba jingine lilikichimba miaka yote ile
bila kukusudia.
Kikaenea.

Kazi yangu ni kupima, nami nilikuwa nimepima.
Nikazungusha kidogo, mpini ukachomoka
kama jino la mtoto.

Mzungu? Alisharuka zamani.
Makali yamo kwenye droo yangu, tupu, nayapaka mafuta.
Kapend aliondoka na mpini mfukoni,
na mkono wake humo humo ndani.