Wasifu wa Bogumiła

Bytom. Theluji dirishani, chai imepoa.
"Nilihusika na pampu," aandika Bogumiła,
akafuta. Kuhusika! Hata paka wa mgodini alihusika.

Mwanawe kasema: weka tarakimu, mama,
ukurasa mmoja, basi.
Haya: mota sita nilizisuka upya,
umeme ukapungua kwa asilimia kumi na tisa.
Sentensi imekaza kama boliti.

Lakini ule usiku wa Februari,
maji kiunoni, vali imekwama,
naye akiisikiliza kwa kiganja,
huo auweke safu ipi?

Anawaza mpaka birika linalia tena.
Kisha, chini ya Uzoefu:
Wachimbaji thelathini na wawili. Wote walipanda juu.

Kivumishi anakiacha.
Anatafuta wino wa printa.